Ngamia Tisa, Ngamia Kumi: Hisabu ya Nyama na Walaji Wake



Kila inapokaribia harusi, akika, khitima au Idi, katika nyumba zetu za pwani huulizwa swali moja ambalo huishia jikoni wala halifiki msikitini: watu wakiwa kadha, nyama iwe kiasi gani? Tuchinje mbuzi wangapi? Au tutafute ng'ombe? Swali lenyewe huulizwa kwa haraka, hujibiwa kwa kukisia, na mara nyingi jibu lake si hisabu bali ni khofu: "Ongeza, kisije kikapungua tukaaibika." Huenda ukadhani kuwa hili ni jambo dogo la wapishi, wala halimstahikii mtu aliyekaa na vitabu. Lakini vifungue vitabu vya Sira. Utaikuta hisabu hii hii ya nyama na walaji wake imewekwa mahali pakubwa kabisa, jioni ya kuamkia vita vya Badri.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 2 wa Hijra, yaani Machi 624. Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na watu 310 na kitu, idadi iliyo mashuhuri ni 313. Walikuwa na ngamia 70 wa kupanda kwa zamu, na hawakutoka kwa kutazamia jeshi. Walitoka kuutazamia msafara wa biashara wa Abu Sufyani uliokuwa ukirudi kutoka Shamu. Nao Makureshi walipopata khabari walitoka Makka kwa kishindo kuja kuuhami msafara wao. Basi jioni ile Mtume (s.a.w.) aliwatuma Sayyidna Ali, Sayyidna Zubeir na Sayyidna Saad bin Abi Waqqas (Mwenyezi Mungu awawie radhi) pamoja na watu wengine wende kwenye maji ya Badri kutafuta khabari. Huko wakawakamata vijana wawili wa Kikureshi waliokuja kuteka maji, watumwa wa watu wakubwa wa Makka, wakaja nao.

Mtume (s.a.w.) alikuwa anasali. Masahaba wakawauliza wale vijana, nao wakasema kweli: sisi ni wateka maji wa jeshi la Makureshi. Jawabu hiyo haikuwapendeza waulizaji, kwa kuwa nyoyo zao zilikuwa kwenye msafara. Wakawapiga mpaka wale vijana wakasema wao ni wa Abu Sufyani, hapo wakaachwa. Mtume (s.a.w.) alipomaliza kusali aliwalaumu masahaba wake kuwa wanawapiga wakisema kweli na wanawaacha wakisema uwongo. Kisha akawauliza mwenyewe, kwa upole. Makureshi wako wapi? Wakamwonyesha kilima cha mchanga, kuwa wako nyuma yake. Ni wangapi? Wakasema ni wengi. Idadi yao? Wakasema hawajui. Na hakika hawakujua. Mteka maji hapewi daftari la jeshi.

Basi tazama swali lililofuata. Hakuwarudia lile lile kwa ukali. Aliwauliza wanachinja ngamia wangapi kwa siku. Hilo walilijua sana, maana aliye karibu na maji na vyungu haikosi khabari hiyo. Wakasema siku moja tisa, siku ya pili kumi. Mtume (s.a.w.) akawaambia masahaba wake kuwa watu hao ni baina ya 900 na 1,000. Katika mapokezi ya Imamu Ahmad kutoka kwa Sayyidna Ali imeelezwa na njia ya hisabu: kila ngamia mmoja ni wa watu mia pamoja na wafuasi wao. Na wanahistoria walipokuja kuhisabu baadaye, wengine walisema Makureshi siku ile walikuwa 950, na wengine wakasema 1,000. Tumbo la jeshi lilikuwa limekwisha sema yote.

Mimi napenda sana kulisomesha jambo hili, kwa sababu wanafunzi hulipita mbio wakikimbilia mapanga. Hapana muujiza unaotajwa katika kuijua idadi ile. Yaliyotajwa ni swali jema, aliyeulizwa anayeweza kulijibu, na kipimo kinachojulikana na watu wote wa nchi ile: ngamia mmoja kwa watu mia kwa siku. Kipimo hicho ndicho tunachokikosa sisi jikoni kwetu.

Sasa tutazame nani aliyewachinja ngamia hao. Ibn Kathir ametaja majina. Wa kwanza alikuwa Abu Jahli, aliyechinja kumi walipotoka Makka. Umayya bin Khalaf akachinja tisa walipofika Usfani. Suheil bin Amri akachinja kumi Qudeidi. Kisha Sheiba bin Rabia tisa, na ndugu yake Utba kumi walipokuwa Juhfa. Hivyo ndivyo walivyokwenda, leo bwana huyu, kesho bwana yule, kila mmoja akitoa katika mali yake. Watu hawa katika Sira huitwa "wenye kulisha". Ilikuwa ni ada ya kale na yenye heshima kwao; Makka tangu zama za Qusayy walikuwa wakichangishana mali kuwalisha mahujaji, na Hashim, baba wa babu yake Mtume (s.a.w.), alipata jina lake kwa kuwavunjia watu mikate katika mchuzi mwaka wa njaa. Kulisha watu ni jambo zuri. Lakini utazame wema ule ulivyogeuka njiani.

Khabari ilipowafikia kuwa msafara umeokoka, Abu Sufyani aliwapelekea neno warudi, maana walilolitokea limekwisha. Wako waliorudi: kabila la Banu Zuhra lilirudi lote kutoka Juhfa, wala hakupigana hata mmoja wao Badri. Abu Jahli ndiye aliyekataa. Alisema hawarudi mpaka wafike Badri, wakae siku tatu, wachinje ngamia, walishe watu, wanywe ulevi, na wanawake waimbe, ili Waarabu wote wasikie na wawaogope. Zingatia, ndugu yangu. Haja ya kwenda vitani ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kuwavuta ni karamu, nayo si karamu ya kumshibisha mwenye njaa bali ya kusikiwa. Karamu hiyo ya siku tatu haikuliwa. Makureshi 70 waliuawa siku ile na 70 wakatekwa. Abu Jahli, Umayya, Utba na Sheiba wote walikuwa miongoni mwa waliouawa. Suheil bin Amri alitekwa, na tutakutana naye tena.

Twende katika hisabu yenyewe. Ngamia mzima aliyekomaa, akichinjwa na kuchunwa, mzoga wake huweza kufika kilo 200 na kuzidi. Toa mifupa na mafuta, ibaki nyama tupu kama kilo 120. Nyama ikipikwa au ikichomwa hupungua robo mpaka thuluthi, maana maji yake na mafuta yake hutoka motoni. Basi utabakiwa na kilo 80 na kitu za nyama iliyoiva. Wagawie watu mia: kila mmoja ana zaidi ya robo tatu ya kilo. Hata ukiwaingiza wale wafuasi, watumwa na wachunga ngamia, bado ni shibe ya watu wanaokula nyama kama chakula chenyewe, si kama kitoweo. Sasa walinganishe na wale wa upande wa pili. Kwa kipimo hicho hicho Waislamu wangehitaji ngamia watatu kwa siku, na walikuwa nao 70 tu kwa watu 313, watu watatu au zaidi wakipokezana ngamia mmoja, naye Mtume (s.a.w.) akipokezana na wenzake na kutembea zamu yake. Kila ngamia ambaye wangemla ni watu watatu au zaidi waliokosa kipando.

Huu basi ni mfano wa kipimo kilichotumiwa mahali pake. Sasa nikutajie mfano wa kipimo kilichotumiwa si mahali pake, na mwenye kukitumia si mtu mdogo.

Mwaka wa 6 wa Hijra, yaani 628, Mtume (s.a.w.) alitoka na masahaba kwenda kufanya Umra, wakazuiliwa Hudeibiya. Makureshi wakamleta Suheil bin Amri, yule yule wa ngamia kumi wa Qudeidi, kuandika mkataba wa suluhu. Baada ya mkataba Waislamu wakachinja wanyama wao wa hadyi pale pale. Masahaba waliokuwapo, akiwamo Jabir bin Abdillah, wamesimulia kuwa watu walikuwa 1,400 hivi. Lakini Ibn Is-haq, imamu wa wanahistoria wa Sira, ameandika kuwa walikuwa 700. Ameitoa wapi? Ameeleza kuwa ngamia walikuwa 70, na kila ngamia alikuwa wa watu kumi. Sabini mara kumi, 700.

Wanavyuoni waliokuja baadaye hawakumkubalia. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, amesema ni kosa la wazi, kisha akalionyesha kwa hisabu ile ile: mapokezi yanasema ngamia siku ile alikuwa wa watu saba, basi kama wale 70 walikuwa wa watu wote, watu wangekuwa 490, na hadithi hiyo hiyo inasema walikuwa 1,400. Naye Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 1449, ameongeza katika Fat-hul Bari kuwa kuchinjwa ngamia 70 si dalili kuwa hakukuchinjwa mnyama mwingine, na tena wako waliokuwa hawakuhirimia kabisa. Nami hupenda kuwaambia wanafunzi: huyo ndiye mwanachuoni, hamheshimu mkubwa wake kwa kumnyamazia.

Kosa hilo lina funzo la jikoni. Badri ngamia mmoja ni wa watu mia. Hudeibiya ngamia mmoja ni wa watu saba. Je, ngamia wa Hudeibiya alikuwa mdogo? La. Saba ni hisabu ya ibada, ya watu wangapi wanaweza kushirikiana kumtoa mnyama mmoja wakapata thawabu, na nyama yake ikaliwa na wengine wengi. Mia ni hisabu ya matumbo. Ndivyo ilivyo kwetu Idi ya kuchinja: watu saba wanashirikiana ng'ombe mmoja, na fungu la mmoja wao pekee huweza kufika kilo 15 au 20. Hapana mwenye akili atakayesema kuwa basi ng'ombe mmoja analiwa na watu saba. Lakini ukiwasikiliza watu wanapopanga karamu, utasikia vipimo vya namna hiyo vikichanganywa hivi hivi. "Fulani alichinja ng'ombe wawili, nasi tuchinje wawili." Fulani alichinja kwa watu wangapi? Alipika pilau au alichoma? Nyama nyingine aliigawa kwa majirani? Hapana anayeuliza.

Najua yuko msomaji atakayesema: "Sheikh, wewe unatuhisabia nyama, na Jabir alimchinja mwanambuzi mmoja wakala watu elfu." Vyema, tuisome khabari ya Jabir kama ilivyo, maana wengi huisimulia nusu.

Ilikuwa wakati wa kuchimba handaki, mwaka wa 5 wa Hijra. Jabir (r.a.) alimwona Mtume (s.a.w.) amefunga jiwe tumboni kwa njaa. Akaenda kwake akamwuliza mkewe ana nini. Mke akasema ana shayiri pishi moja, na yule mnyama mdogo wa nyumbani. Nimesema pishi kwa kuwa ile swaa ya Kiarabu ni vibaba vinne, nayo ndiyo pishi yetu tunayoitolea zakatul fitri kila kichwa. Na sheria imekifanya kibaba kimoja kuwa ndicho chakula cha maskini mmoja kwa siku moja katika fidia ya saumu. Basi pishi ya shayiri ni chakula cha watu wanne kwa siku nzima, au cha zaidi kidogo kwa mlo mmoja ukitia na kitoweo. Sasa sikiliza Jabir alivyokaribisha: alimwendea Mtume (s.a.w.) kwa siri, akamwambia kuna chakula kidogo, aje yeye na mtu mmoja au wawili. Umeona? Hisabu yake ilikuwa sawasawa kabisa. Na mkewe alikuwa amekwisha mwonya asije akamfedhehesha mbele ya Mtume na watu wake. Mtume (s.a.w.) akamwuliza chakula ni kiasi gani, Jabir akakitaja kama kilivyo, hakukiongeza kwa haya. Hapo ndipo Mtume (s.a.w.) alipowaita watu wote wa handaki, akamwamrisha chungu kisiteremshwe na mikate isitolewe mpaka afike, akawataka watu waingie wala wasisongamane, naye mwenyewe akawa anakata mkate na kutia nyama juu yake. Wakala wote, na chakula kikasalia.

Baraka ile ilikuwa ni ya Mtume (s.a.w.), ni muujiza wake. Aliyokuwa nayo Jabir ni pishi, mnyama mmoja, ukweli, na mke aliyejua kilichomo ndani ya nyumba yake. Anayeleta khabari hii ili apate kukwepa kuhisabu, ajiulize kama yeye amefanya hata yale aliyoyafanya Jabir.

Wengine huleta mfano wa Nabii Ibrahim (a.s.), aliyewaletea wageni wake ndama mzima aliyenona, wa kuchomwa. Kweli, na Qur'ani imemsifu kwa hilo. Wafasiri wamesema nyama ile iliokwa kwa mawe ya moto, na wageni wenyewe walikuwa Malaika, kwa hiyo hawakuila. Lakini ndama alikuwa wake. Hakukopa, hakuweka shamba rehani, na wageni walimjia ghafla asiowajua. Ukarimu wa mwenye kutoa alicho nacho ni mlango mmoja, na karamu ya mkopo ni mlango mwingine kabisa.

Na ukitaka mwendo wa Mtume (s.a.w.) mwenyewe katika walima, Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia miaka kumi, amesema hakumwona akimfanyia mke wake yeyote walima mkubwa kama aliomfanyia Bibi Zeinabu binti Jahshi. Walima huo mkubwa kuliko yote ulikuwa ni kondoo mmoja. Watu walikula mkate na nyama mpaka wakashiba. Na alipomwoa Bibi Safiya, njiani walipokuwa wakirudi kutoka Kheibar, hapakuwa na nyama hata kidogo. Walimwaga tende, jibini kavu na samli juu ya mkeka wa ngozi, wakala, na huo ndio ukawa walima wake.

Kwetu pwani khabari ya wingi wa chakula ni ya zamani. Ibn Battuta alipita mwaka 1331. Alipofika Mogadishu alishangazwa na mambo mawili. La kwanza, kuwa watu wake wana ngamia wengi, na kila siku wanachinja mamia. (Usikimbilie kuzidisha mara mia ukapata idadi ya watu wa mji, "mamia" ya msafiri si tisa na kumi ya mteka maji.) La pili, aliletewa wali uliopikwa kwa samli katika sinia kubwa la mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni maziwa, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari za ndimu na pilipili, tangawizi na maembe, akaandika kuwa mtu mmoja wa mji ule hula kadiri wanayokula watu kadha wa kwao. Sijui ndugu zetu wa Mogadishu waliyapokeaje maneno hayo, lakini kwa mpishi ni elimu: usihisabu vichwa tu, jua na walaji. Kutoka huko alishuka mpaka Kilwa, akamkuta Sultani Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa utoaji wake.

Sasa turudi jikoni kwetu, maana nilikuahidi kipimo. Wazee wetu walikuwa nacho. Mpishi wa zamani hakuuliza "watu wangapi?", aliuliza "masinia mangapi?" Sinia moja huzungukwa na watu wanne, watano au sita, na yeye anajua kila sinia linataka vibaba vingapi vya mchele na mapande mangapi ya nyama. Kwa mizani ya leo mambo huwa hivi. Kilo moja ya mchele wa pilau hushibisha watu wanane mpaka kumi, na kilo ya nyama yenye mifupa kwa kilo ya mchele ni pilau ya heshima. Wengi hutia robo tatu, na hapana anayenung'unika. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa nyama yenye mifupa kama kilo 12. Basi mbuzi huyo katika pilau ni wa watu mia.

Mbuzi huyo huyo ukimchoma, mambo yamegeuka. Nyama ya kuchoma huliwa yenyewe, mkate na kachumbari ni vya kusindikizia tu. Mtu mzima anataka nusu kilo mbichi yenye mifupa, au robo kilo na ushei ikiwa ni mnofu mtupu wa mishkaki; mtoto mhisabie nusu yake. Kwa hivyo mbuzi wa watu mia amekuwa mbuzi wa watu 24. Wala usisahau kuwa anayechoma huonja, na harufu huleta watu ambao hukuwaalika. Ongeza sehemu moja katika kumi, basi. Wanaoongeza nusu hawawaongezei wageni, wanaiongezea khofu yao.

Na khofu hiyo ina bei. Tunazijua nyumba zilizouza minazi, na nyumba zilizoweka rehani dhahabu ya bibi harusi, ili pilau ya siku moja isipungue. Kisha jioni ile ile sufuria mbili zikamwagwa, na maharusi wakaanza maisha yao kwa kulipa deni la nyama iliyoliwa na paka. Mwenye nyumba ukimwambia ahisabu, huchukia, hukwambia hisabu ni ubahili. Bahili ni anayemnyima mtu aliyefika mlangoni. Aliyehisabu ndiye pekee aliye na uhakika kuwa hatamnyima mtu.

Ndugu zetu wa Omani, na jamaa zao waliopo Unguja na Pemba, wana pishi la Idi ambalo halikubali kukisia. Ni shuwa. Nyama hupakwa viungo, hufungwa kwa majani, hutiwa katika vikapu vya ukili, kisha huteremshwa ndani ya shimo lenye makaa na kufunikwa kabisa, hukaa humo siku nzima au mbili. Shimo likishafunikwa hapana kuongeza wala kupunguza, wala kufungua kutazama. Mara nyingi shimo ni la mtaa mzima, na kila nyumba hutia alama kikapu chake ili siku ya kufukua kisipotee. Kwa hiyo usiku ule kabla ya moto, wazee hukaa wakataja majina: nani yupo, nani yuko safarini, nyumba ya mjane ipelekewe ngapi.

Hilo la mwisho ndilo linalotengeneza hisabu ya mwenye nyama nyingi. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, yaani 632, Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia mia. Kwa kipimo cha Badri ni chakula cha watu elfu kumi kwa siku. Alichinja 63 kwa mkono wake, akampa Sayyidna Ali kisu achinje waliobaki. Kisha akaamrisha kitolewe kipande kimoja kimoja katika kila ngamia, vikatiwa katika chungu kimoja vikapikwa, naye na Sayyidna Ali wakala katika nyama ile na wakanywa mchuzi wake. Nyama yote iliyobaki, na ngozi, na hata nguo walizofunikwa wale ngamia, akamwamrisha Sayyidna Ali azigawe kwa maskini, na mchinjaji asipewe chochote katika hivyo kuwa ni ujira wake. Ujira wake, amesema Sayyidna Ali, tulimpa kutoka mali yetu.